Wasomaji Wauliza: Tonado Zilizoua Mamia, Kisulisuli cha Baharini na Paa Lako la Mabati

Barua za mwezi huu zimejaa upepo. Chanzo ni video zinazozunguka kwenye simu: wingu jeusi lenye mkia, nyumba zinapeperuka kama maganda ya njugu, na juu yake mtu ameandika "kimbunga Marekani". Tumejibu zile zilizouliza jambo linaloweza kupimwa. Zilizouliza iwapo ni adhabu ya Mwenyezi Mungu tumewaachia masheikh.

Assalam alaykum Mhariri. Ile video, jirani aiita kimbunga, mume wangu tufani, na mwanangu wa sekondari asema ni tonado. Tushike lipi?
*Mama wa Langoni, Lamu*

Wa alaykum salaam, mama. Mwanao amepata. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, upana wake ni mamia ya kilomita, hukaa siku kadhaa na hupewa jina, kama Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024. Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka, juu imeshikana na wingu la radi na chini imegusa ardhi. Kwa kawaida upana wake ni makumi au mamia ya mita, na nyingi hazimalizi dakika kumi. Pana kuliko zote zilizowahi kupimwa ni ya El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013: kilomita 4.2. Tufani ni neno la jumla, mumeo hajakosea sana. Na ile chamchela inayozungusha vumbi na mifuko uwanjani saa sita mchana si hii wala ile, maana hiyo huinuliwa na joto la ardhi, hata mbingu ikiwa nyeupe bila wingu.

Mfumo mmoja wa hali ya hewa ukizaa tonado nyingi kwa siku moja au mbili, wataalamu huuita mlipuko, kama tunavyosema mlipuko wa kipindupindu.

Ni tonado zipi zilizoua watu wengi zaidi, na kwa nini hata nchi tajiri inapoteza mamia kwa siku moja? Wanafunzi wangu wananibana.
*Mwalimu wa jiografia, Malindi*

Iliyoua wengi kuliko zote haikutokea Marekani, Mwalimu. Ilikuwa Bangladesh, wilaya ya Manikganj, jioni ya tarehe 26 Aprili 1989. Tonado moja ilipita Daulatpur na Saturia ikaua watu wapatao 1,300, ikajeruhi 12,000 hivi na kuacha karibu 80,000 bila makao. Aprili na Mei ndiyo miezi ya dhoruba ambazo watu wa huko huziita kalboishakhi: hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Bengal, hewa kavu ya moto inaingia kutoka India, na juu zaidi pana upepo mkali wa magharibi. Haikuhitaji kuwa kali kuliko za Oklahoma ili iue hivyo. Ilikuta vijiji vilivyobanana, nyumba za mianzi na mabati, na watu wasio na onyo lolote. Bati likishang'oka ni panga linaloruka, na wanafunzi wako wanaoishi chini ya mabati wataelewa upesi.

Kwa Marekani, rekodi bado ni ya tarehe 18 Machi 1925. Tonado iliyoanza saa saba mchana huko Missouri ilivuka Illinois na kuishia Indiana, njia ya kilomita 352 kwa saa tatu na nusu. Iliua watu 695. Wengi walioiona hawakuona mkia wowote, waliona kitu kama ukungu mzito unaochemka karibu na ardhi, unaokuja kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Nani atakimbia ukungu? Mji wa Murphysboro peke yake ulizika 234. De Soto, shule iliangukia wanafunzi na 33 wakafa. West Frankfort ulikuwa mji wa migodi ya makaa ya mawe, na wanaume wengi walikuwa chini ya ardhi, mita 150 hivi. Umeme ulipokatika wakapanda juu, wakakuta mitaa haipo. Waliokufa wengi walikuwa wake zao na watoto. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba mahali ulipo hupima uhai wako kuliko kasi ya upepo, anzia hapo.

Mlipuko wa Aprili 1936 ulipiga Tupelo, Mississippi, usiku wa tarehe 5, na asubuhi yake Gainesville, Georgia. Kila mji ulipoteza zaidi ya watu 200. Gainesville, watu 70 hivi walikufa ndani ya kiwanda kimoja cha nguo kilichoporomoka na kushika moto. Hesabu ya Tupelo iko pungufu, kwa sababu Weusi hawakuhesabiwa sawasawa. Kasoro hiyo imo katika takwimu nyingi za zamani za kusini mwa Marekani, na darasani itajwe.

Tarehe 3 na 4 Aprili 1974 zilishuka tonado 148 katika majimbo 13 ndani ya saa 24, zikaua zaidi ya watu 300. Xenia, Ohio, wanafunzi wa sekondari walikuwa jukwaani wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza baada ya masomo. Mmoja akaona wingu, wote wakakimbilia kwenye korido na kulala chini kando ya ukuta. Upepo ulipopita, mabasi ya shule yalikuwa yamelala juu ya jukwaa lile.

Kisha Aprili 2011, tarehe 25 hadi 28: tonado zaidi ya 350 na vifo zaidi ya 320, karibu vyote vya siku moja, tarehe 27. Jimbo la Alabama ndilo lililoumia zaidi. Hapo onyo lilikuwapo, rada zilikuwapo, na hilo linatuleta kwenye swali linalofuata.

Kama wana rada na setilaiti, mbona watu bado hufa?
*Msomaji wa Watamu*

Kwanza ujue kwamba kwa miongo mingi neno lenyewe lilipigwa marufuku. Tangu miaka ya 1880 idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikataza watabiri wake kuandika "tonado" katika utabiri, kwa hofu ya kuzua taharuki. Marufuku ililegezwa mwaka 1938 na kuondolewa kabisa mwaka 1950. Watu 695 wa mwaka 1925 walikufa chini ya kanuni hiyo.

Waliovunja mwiko walikuwa maofisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller. Tarehe 20 Machi 1948 tonado ilivunja ndege katika kambi yao ya Tinker, Oklahoma. Wakaulizwa kama wanaweza kuitabiri nyingine. Siku tano baadaye wakaona ramani ya upepo na unyevu inafanana na ile ya kwanza, wakatoa onyo, ndege zikafungiwa, na jioni tonado ikaipiga kambi ileile.

Siku hizi onyo hutangulia kwa takriban dakika kumi na kitu. Zinatosha mtu akizitumia. Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei 2011, ving'ora vililia mapema vya kutosha, lakini uchunguzi ulionyesha kuwa wengi walingoja ishara ya pili: wachungulie dirishani, wapige simu, wawashe televisheni. Wakafa watu 158. Alabama mwezi mmoja kabla yake kulikuwa na balaa jingine, kwani dhoruba za alfajiri ziliangusha nguzo za umeme, hivyo tonado za mchana ziliwakuta watu ambao televisheni zao zilikuwa zimezima. Redio ndogo ya betri ingewafaa kuliko skrini kubwa ukutani.

Upepo unaovunja kila kitu wanaupimaje? Chombo si kitavunjika pia?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mambrui*

Kinavunjika, naam. Ndiyo maana hupima uharibifu, si upepo. Njia hiyo aliileta Tetsuya Fujita, Mjapani wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1971, na tangu 2007 inatumika iliyorekebishwa, yenye daraja 0 hadi 5. Daraja 0 huanzia kilomita 105 kwa saa, na daraja 5 ni juu ya 322.

Mkaguzi akifika hatazami tu kilichoanguka. Anatafuta kilifungwaje. Nyumba imefagiliwa yote, umebaki msingi mtupu: wewe ungeandika 5 papo hapo. Yeye anapiga magoti kwenye msingi. Akikuta boliti zilizopinda zikiwa bado na nati na vipande vya mbao, anajua upepo ulishindana na kitu. Akikuta misumari mitupu iliyochomoka imenyooka, anashusha daraja, kwa kuwa nyumba ile ingeng'olewa na upepo mdogo zaidi.

Miti nayo husema. Mwaka 1945 Fujita alikwenda Nagasaki na Hiroshima kukagua uharibifu wa bomu, akaona miti imelala kuelekea nje kama miale ya nyota. Miaka thelathini baadaye, akipiga picha za angani za mlipuko wa 1974, akaiona nyota ileile katika misitu ambayo haikupigwa bomu. Akafahamu kuwa si kila uharibifu ni wa mzunguko: wakati mwingine wingu hudondosha hewa baridi chini kwa kishindo, nayo hutawanyika pande zote. Ukitaka kujaribu, siku minazi ikianguka Mambrui chora mshale kwa kila mnazi kwenye karatasi. Mishale ikitawanyika au ikielekea upande mmoja, ni hewa iliyodondoka. Ikikutana katikati kwenye ukanda mwembamba, ni kisulisuli. Nadhani mara nyingi utapata jibu la kwanza.

Mojawapo ya kasi kubwa zilizowahi kupimwa kwa rada iliyobebwa na lori, kilomita 480 hivi kwa saa, ilikuwa kusini mwa Oklahoma City tarehe 3 Mei 1999.

Tonado itafika Lamu?
*Bibi wa Shela*

Bibi, lala salama kwa hilo. Mlipuko wa aina hiyo huhitaji upepo unaobadilika sana kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda, na mikondo mikali ya juu inayofanya kazi hiyo iko mbali na ikweta. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta. Afrika Kusini wanazipata: Umtata mwezi Desemba 1998 tonado ilimkuta Nelson Mandela ndani ya duka la dawa, walinzi wakamfunika kwa miili yao. Vimbunga navyo hupata shida kuzunguka karibu na ikweta, ingawa kusini yetu vimewahi kupiga, Unguja mwaka 1872 ambako karafuu na minazi mingi iling'oka, na Lindi mwaka 1952. Cha kwetu ni upepo wa ghafla wa mvua na kisulisuli cha baharini.

Sisi wa majini twakiona hicho kisulisuli, mkia washuka baharini. Wazee wengine walitupa chumvi, wengine husoma. Nahodha afanye nini kwa mikono yake?
*Nahodha, Kizingitini*

Dua isome, nahodha, mikono ikiwa kwenye henza, kamba ya kupandishia na kutulia tanga.

Kisulisuli cha kawaida cha baharini huanzia majini, si mawinguni, na mkia unaouona ni hatua ya nne. Kwanza hutokea doa jeusi la mviringo juu ya maji, chini ya wingu lenye tumbo bapa na jeusi. Kisha mistari ya kuzunguka pembeni mwa doa. Kisha duara la manyunyu. Ndipo mkia hukamilika, na mwisho hupinda, hukonda na kukatika. Yote huchukua dakika tano hadi ishirini. Muda wa kuhama ni doa na mistari, kwa hiyo mwambie baharia wa mbele atazame maji, asitazame mbingu.

Shika mwelekeo mmoja wa chombo, halafu ukitazame kisulisuli kwa kukilinganisha na kamba ya mlingoti. Kikisogea mbele au nyuma ya kamba, kitakupita. Kikibaki palepale na kuwa kikubwa, kinakuja kwako. Usikimbie mbele yake wala usikielekee. Ondoka kwenye njia yake kwa pembe mraba, kwa mashini ikiwa unayo. Kama hakuna mashini na kiko karibu, tua tanga mapema, laza foromali, ule mti unaobeba tanga, ndani ya chombo na uifunge, kwa sababu foromali inayoning'inia na tanga lililojaa hewa ndilo linalopindua. Mizigo shusha chini, watu wakae chini katikati, kila mmoja na jaketi la kuelea. Ukilazimika kubaki na tanga, demani, kamba ya kuongozea tanga, ishikwe mkononi, isifungwe. Majahazi mengi hayapinduliwi na ukali wa upepo, hupinduliwa na fundo ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

Kama wingu lina radi na mvua nzito, hicho si kisulisuli cha kawaida, huenda ni tonado iliyoingia baharini. Rudi bandarini bila kujadiliana. Natchez, kwenye Mto Mississippi, tarehe 7 Mei 1840, tonado ilifuata mto ukiwa umejaa mashua za mizigo. Walioandikwa kufa ni 317, na wengi wao walikuwa majini. Malta nako, katika miaka ya 1550, kisulisuli kiliingia bandari kuu na kuzamisha merikebu za makasia, na inasemekana watu 600 walikufa ndani ya bandari waliyodhani ni salama. Idara ya hali ya anga ikitangaza upepo wa fundo 25, yaani kilomita 46 kwa saa, mashua ndogo isivuke nje ya mwamba.

Babu alituambia upepo mkali ukija fungueni madirisha yote, nyumba ipumue isipasuke. Ni kweli?
*Msomaji wa Gongoni*

Hata Wamarekani waliambiwa hivyo kwa miaka mingi, na ni makosa. Nyumba haipasuki kwa kukosa kupumua. Upepo ukiingia kwa dirisha unasukuma paa kutoka ndani huku mwingine unalinyonya kutoka juu. Funga, kisha nenda chumba cha katikati kisicho na dirisha, orofa ya chini, ufunike kichwa kwa godoro. Nyumba ya kale ya mawe ya Lamu imeshakupa mahali hapo: kile chumba cha nyuma kabisa, baada ya misana, yaani zile kumbi ndefu za mbele, ambacho wenyewe hukiita ndani. Usijibanze chini ya daraja la barabara pia. Mwaka 1999 waliojificha chini ya madaraja ya Oklahoma watatu walikufa, kwa kuwa upepo hukazana pale kama maji kwenye mfereji.

Upepo wa mvua umeng'oa paa langu mara mbili. Fundi asema ni bati jepesi, ninunue geji 28 badala ya 30. Nimsikilize?
*Mwenye nyumba, Maweni, Malindi*

Bati zito ni zuri, lakini halitakuponya. Fanya hesabu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una mgandamizo wa kilo 47 hivi kwa kila mita mraba. Paa la mita 8 kwa 10 linaweza kuvutwa juu kwa zaidi ya tani tatu na nusu. Bati la geji 30 halifiki kilo 3 kwa mita mraba, na la 28 linaongeza chini ya kilo moja. Kinachoshikilia paa ni vifungo, si uzito. Na kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne.

Kabla hujanunua chochote, okota paa lililoanguka ulisome kama yule mkaguzi. Bati limechanika kuzunguka msumari na msumari umebaki kwenye mbao? Misumari ni michache au kofia zimeliwa na kutu. Mabati yametoka na mbao zake? Mbao hazikufungwa kwenye kenchi. Paa lote limehama na kenchi zake? Hapo ndipo kwenye nyumba nyingi za pwani: kenchi imewekwa juu ya mbao ya ukutani na kupigwa misumari miwili ya mshazari. Msumari wa namna hiyo huzuia kenchi isiteleze, hauzuii isiinuke.

Dawa ni ukanda wa chuma cha mabati, upana wa milimita 20 hadi 25. Nyumba mpya, uzikwe ndani ya linta kabla zege halijamwagwa, mmoja kwa kila kenchi, upite juu ya kenchi na kushuka upande wa pili, misumari minne kila upande. Nyumba iliyokwisha simama, toboa ukuta mistari mitatu ya matofali chini ya mbao ya ukutani, pitisha waya mnene usioshika kutu, zungusha juu ya kenchi na uusokote kwa nondo fupi hadi ulie. Ukiufunga kwenye tofali la juu tu, utaruka na tofali lake.

Mbao za mabati ziachane sentimita 90 katikati ya paa, na 60 karibu na ukingo. Misumari ya mpira ipigwe juu ya mgongo wa wimbi, kila wimbi la pili kwenye kingo zote na kwenye kilele, kila la tatu katikati. Ncha ikitokeza chini ya mbao, ikunje. Paa la baraza lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa, kwa sababu baraza hukamata upepo kwa chini na kwenda na jumba zima.

Chumvi ya bahari haisahau. Kila mwaka, kaskazi ikiisha na kabla ya masika, panda na nyundo. Kofia ya msumari yenye pete ya kahawia kwenye bati, ng'oa na uweke mpya kwenye mgongo wa wimbi la jirani, tundu la zamani uzibe kwa lami. Kilo mbili za misumari na siku moja ya fundi hutosha nyumba ya vyumba vitatu.